Sahihi ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeingia leo bila hodi. Jana uwanja wetu ulikuwa vumbi, leo ni uji. Viatu vya kahawia nilivyonunua mwezi uliopita vimefia kwenye tope la lango la nyuma, nikarudi ofisini kwa soksi huku wafanyakazi wa kiwandani wakijifanya hawanioni.

Habari njema ni kwamba jana tulishinda mbili kwa moja. Tuko nafasi ya tatu. Tangu Baba afariki mwaka juzi hatujawahi kukaa juu hivi. Baba Mdogo aliingia na faili lake kifuani, akaweka msimamo wa ligi mezani na kuulainisha kwa kiganja kama anayelainisha shuka.

"Skonzi, tazama mwenyewe. Huku juu hewa ni safi."

Nina miaka arobaini na minne, namiliki kiwanda cha mikate na timu ya mpira, na bado kuna mtu mmoja duniani anayeniita Skonzi. Mbele ya wachezaji ananiita Mwenyekiti. Tukibaki wawili, cheo kinayeyuka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Tanuri namba mbili limegoma tena. Mikate mia nne imetoka na uso wa mgonjwa.

Jumapili, 10 Machi

Sare ugenini. Nilikwenda na basi la timu, nikakaa nyuma ya Baba Mdogo, nikawa natazama kisogo chake njia nzima. Kimekuwa cheupe chote. Sijui lini.

Yeye si ndugu yetu wa damu. Alikuwa mkandaji unga wa kwanza wa Baba. Siku Baba alipokusanya wafanyakazi kumi na mmoja na mpira mmoja na kusema sasa tuna timu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na subira ya kusoma kitabu cha kanuni mpaka mwisho. Basi akawa meneja mkuu. Miaka thelathini na minane baadaye bado ndiye, na mashabiki wanamwita Mzee Faili. Tulikuwa tunakwenda ugenini kwa gari la mikate, mimi katikati yao mbele, wachezaji nyuma kwenye trei tupu. Wakishuka, jezi zao zote zilinukia mkate, na wapinzani walikuwa wakilalamika kwamba tunawatia njaa.

Yeye ndiye aliyenifundisha sheria ya kuotea, kwa skonzi, juu ya meza ya kukandia. Nikikosea, skonzi anaila yeye. Nikipatia, naila mimi. Ndipo nilipopata jina.

Jumatano, 13 Machi

Kampuni ya rangi imerudi. Wanaume wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono inakata. Wanataka kuinunua timu, wabadilishe jina na rangi ya jezi. Niliwaonyesha ukuta. Pale ukutani, ndani ya fremu, ndiyo barua ya mwisho ya Baba, na sikuhitaji kusema zaidi.

Nainakili hapa, ingawa naijua kwa moyo:

"Mwanangu, timu nakuachia wewe, sio kamati, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukilia tukifungwa. Usiiuze. Mvua ikinyesha vaa viatu vya mpira, uwanja ule hauna huruma. Golikipa mpigie makofi, watu humsahau. Usiiuze, hata wakikusifu. Baba yako."

Chini yake kuna sahihi yake, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kupiga kistari mwenyewe. Baba Mdogo aliniletea mkononi, katika mji mwingine, nilikokuwa nikifanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Niliipenda maabara ile. Darubini haikudanganyi wala haikupigii simu asubuhi kwamba basi limeharibika. Lakini baba yangu aliniandikia "usiiuze" mara mbili, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, na wiki tatu baadaye akafa. Niliacha kazi, nikarudi. Siku ngumu huwa naitazama ile fremu na kujiambia: aliniona, akanichagua.

Hayo ya viatu na golikipa niliona ni ugonjwa uliokuwa ukimsemesha, maskini.

Jumanne, 19 Machi

Mambo yameharibika.

Katibu wa klabu aliingia saa tatu asubuhi, bahasha mkononi, midomo imekauka. Timu tuliyoifunga wiki mbili zilizopita imetukatia rufaa. Wanasema Msumari, beki wetu wa kushoto tuliyemsajili Januari, si mchezaji halali.

"Kwa nini si halali?"

"Wanasema amesajiliwa na marehemu."

Nilicheka. Nilifikiri ni mzaha wa washindani. Katibu hakucheka. Alitoa nakala ya fomu. Kwenye nafasi ya mmiliki limeandikwa jina la Baba, na chini yake kuna sahihi ya Baba, mkia mrefu, kistari. Tarehe ni ya Januari hii. Katibu wa wale jamaa alikuwa kwenye mazishi, tena alibeba shada la maua. Hakuhitaji mpelelezi.

Nilimwita Baba Mdogo. Aliitazama fomu, akaitazama tena, kisha akavua miwani.

"Nilikuuliza, Mwenyekiti," alisema. Tulikuwa wawili na Katibu, kwa hiyo nilikuwa Mwenyekiti. "Nilikuja na fomu. Ulikuwa umeingiza kichwa ndani ya tanuri namba mbili. Ukasema, fanya kama ulivyozoea."

Nilisema. Naikumbuka siku ile, masizi mpaka kwenye nyusi. Na kama alivyozoea ndivyo alivyofanya. Baba mikono ilianza kutetemeka miaka sita kabla ya kufa, na kwa miaka hiyo Baba Mdogo alikuwa akimtilia sahihi kila karatasi ya timu, kwa idhini yake. Mkono ulishazoea. Januari ulijiendea wenyewe, ukasahau kwamba mwenye sahihi yuko kaburini.

Usajili wa mwaka jana ulinusurika kwa kuwa Katibu aliniletea fomu mwenyewe, Baba Mdogo akiwa mgonjwa. Sikujua lolote la sahihi hizo za miaka sita mpaka leo aliponieleza. Nilikuwa maabara.

Ijumaa, 22 Machi

Kamati ya ligi. Chumba chenye feni yenye kelele na mwenyekiti mwanamama ambaye alisoma kila ukurasa huku akilamba kidole. Baba Mdogo alisimama, akakiri kila kitu. Hakunitaja mimi wala tanuri. Alisema, "Kosa ni la mkono wangu."

Mwanamama alinigeukia. "Hii ni sahihi ya marehemu baba yako?"

"Inafanana."

"Inafanana au ndiyo?"

Nimefanya kazi ya kutofautisha vitu viwili vinavyofanana miaka kumi na tisa, na pale nilikodoa macho nisione tofauti. Kati ya ile fomu na barua iliyo ukutani kwangu hakuna hata unywele.

Msumari alicheza mechi tatu, zote tulishinda. Tumepokonywa pointi tisa. Kutoka nafasi ya tatu tumeporomoka hadi ya kumi na mbili, na bado mechi tisa.

Kwenye gari Baba Mdogo alijaribu kunitania kwamba Baba huko aliko atafurahi kusikia bado anasajili. Siku nyingine ningecheka mpaka machozi.

Jumamosi, 23 Machi

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anakunja nguo, akanipa upande wa pili wa shuka nishike. Tukakunja. Nikamuuliza, Baba mwezi ule wa mwisho aliweza kuandika?

"Kuandika?" Mama aliguna. "Mwanangu, baba yako mwezi ule hata kijiko nilikuwa namlisha mimi. Kalamu angeishikia wapi?"

"Na barua yangu?"

Tulikutanisha mkono na mkono, shuka ikawa ndogo.

"Shemeji alikaa naye chumbani mchana mzima." Ndivyo anavyomwita Baba Mdogo. "Mimi nilikuwa jikoni. Muulize yeye. Ila ukimchunguza sana kuku, mama, humli."

Jumapili, 24 Machi

Tumefungwa mbili bila. Mvua. Viatu vyeusi navyo kwaheri.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemchunguza kuku.

Nilimkuta kwenye ofisi yake, chumba kile chini ya jukwaa chenye mipira iliyoishiwa pumzi, harufu ya dawa ya kuchua misuli, na mafaili yamepangwa kwa mwaka mpaka kwenye dari. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi tupaze sauti, na hilo lilinikera, maana maneno yale hayakuwa ya kupigiwa kelele. Niliiweka fremu mezani.

"Baba Mdogo, hii nani aliandika?"

Hakukana. Hilo namshukuru. Alisema, "Mimi. Yeye alisema, mimi nikaandika."

"Na sahihi?"

"Mimi."

"Alisema yote haya?"

Alichukua mpira uliokuwa sakafuni, akawa anaubonyeza kwa vidole gumba.

"Baba Mdogo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema yote?"

"Alisema mengi. Mengine alikuwa anachanganya."

"Alisema nisiiuze?"

Mpira ulitoa pumzi kidogo. Mvua ikapiga.

"Alisema, mwambie akichoka aiuze. Asijifunge kwa ajili yangu."

Sijui nilikaa lini, lakini nilijikuta nimekaa kwenye begi la jezi.

"Halafu wewe ukaandika kinyume."

"Alikuwa mgonjwa, Skonzi. Si yeye aliyekuwa anasema. Mimi namjua. Mpaka siku ile tulikuwa na timu miaka thelathini na sita. Akiwa mzima asingesema uza."

"Alisema."

"Alisema," alikubali. "Nikaona ukiiuza, itakuwa rangi. Jina linaondoka, jezi zinaondoka, na sisi sote, yeye na mimi na wale kumi na mmoja, tutakuwa hatujawahi kuwepo. Nikakuandikia. Nilijua ukiona mkono wake utarudi."

Nilirudi. Hicho ndicho kilichoniuma. Alinijua sawasawa. Niliacha maabara, niliacha nyumba yangu yenye dirisha la mashariki, na kuna mtu mmoja nilimwacha huko ambaye hakungoja, na yote hayo niliyafanya kwa ajili ya neno ambalo baba yangu hakulisema. Tena alisema lake, la kunifungua, na likaishia kwenye chumba cha mgonjwa.

Nilimwambia kosa la fomu nalisamehe, maana nusu yake ni langu. Pointi tisa nazisamehe. Hata ningeshuka daraja ningesamehe. "Lakini umemsemea baba yangu," nilisema. "Kila siku ngumu nilikuwa naongea na ile fremu. Kumbe nilikuwa naongea na wewe."

"Haki yako," alisema. Hakujitetea tena. Alifungua droo, akatoa kalamu yake, akaiweka juu ya faili, akasukuma vyote viwili upande wangu. Kisha akainuka, akachukua mwavuli. Mlangoni aligeuka akaniambia bawaba ya lango la nyuma imelegea, fundi asiisahau.

Nililia. Sikulia hivyo hata kwenye mazishi.

Jumanne, 26 Machi

Nimeitoa fremu ukutani. Imebaki alama ya mstatili mweupe.

Alhamisi, 28 Machi

Tumetoa tangazo kwamba klabu na meneja mkuu wamekubaliana kuachana kwa heri. Mwandishi wa habari mmoja aliuliza, ni kwa sababu ya rufaa? Nikasema ndiyo. Ni rahisi zaidi. Sababu yenyewe haipo popote ila humu.

Jumapili, 7 Aprili

Tumefungwa. Mashabiki wameimba: Mzee Faili mrudishe, mikate kaoke mwenyewe. Kwa wimbo uliotungwa kwa hasira, una mdundo mzuri. Nilijikuta natikisa mguu. Kiatu kilikuwa kimejaa maji.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Kocha anataka kujua nani sasa anapiga simu ya kuagiza basi. Hakuna anayejua. Siku zote lilikuwa linakuja tu.

Jumatano, 24 Aprili

Kila siku nagundua kitu kilichokuwa kinakuja tu. Chokaa ya mistari. Barafu ya majeruhi. Kadi ya pongezi kwa mke wa mchezaji aliyejifungua. Leo nilifungua faili lake la msimu huu kutafuta namba ya daktari, nikakuta karatasi ya siku za kuzaliwa za wachezaji wote, na mwisho kabisa ameandika yangu, mbele yake: "keki isiwe ya kiwandani, amezichoka."

Nililifunga. Hasira yangu bado ilikuwa nzima, lakini ilikuwa imepata jirani.

Jumapili, 5 Mei

Tumeshinda moja bila. Ya kwanza tangu aondoke. Nilitoa simu nimpigie kabla sijakumbuka.

Jumatatu, 13 Mei

Mama ameuliza kama nimekwenda kumwona Shemeji. Nikasema bado. Akasema, "Anapanda mboga. Hajui kupanda mboga."

Jumapili, 26 Mei

Tumefungwa tatu. Imebaki mechi moja, nyumbani. Tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunashuka.

Kampuni ya rangi imepiga simu. Wanasema wako tayari hata tukishuka. Niliwaambia nitajibu baada ya mechi. Kwa mara ya kwanza sikuwa na ukuta wa kuwaonyesha, na niligundua kwamba sijui mimi mwenyewe nataka nini. Tangu nirudi sijawahi kujiuliza. Barua ilikuwa inajibu.

Jumapili, 2 Juni

Naandika mikono ikiwa bado na baridi.

Mvua ilianza na kipyenga, haikukoma. Mpira ulikuwa unakwama kwenye madimbwi, wachezaji wakifika ulipo, wenyewe wanateleza na kuupita. Wale wengine walitushambulia dakika themanini kati ya tisini. Komeo, golikipa wetu, mrefu, mpole, ambaye sijui kama nimewahi kumwambia zaidi ya habari za asubuhi, aliokoa moja kwa mguu, moja kwa kifua, na moja sijui kwa nini, nadhani kwa shingo. Sifuri kwa sifuri. Kipyenga. Tumebaki.

Uwanja mzima ulimrukia mshambuliaji wetu, ambaye leo amekosa mabao mawili ya wazi, wakamnyanyua yeye na Kocha juu. Nami nikashuka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, nikaendelea bila hicho. Ndipo nikasikia makofi nyuma ya goli. Ya mtu mmoja tu, polepole.

Alikuwa amesimama upande wa mashabiki, mwavuli umebanwa kwapani ili mikono iwe huru, analowa. Tiketi imechomoza kwenye mfuko wa shati. Anampigia makofi Komeo, ambaye alikuwa anaokota taulo lake peke yake.

Nilisimama upande wangu wa uzio.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, Mwenyekiti." Akatazama miguu yangu. "Huo mguu."

"Acha mguu. Niambie kitu kimoja. Ile barua, yapi yalikuwa yake?"

Aliacha kupiga makofi. Mvua ilikuwa inamtiririka puani, hakuifuta.

"Ya viatu," alisema. "Alirudia mara tatu. Mvua ikinyesha avae viatu vya mpira, uwanja ule hauna huruma. Na ya golikipa. Alikuwa golikipa mwenyewe, ule mwaka wa kwanza, wewe ulikuwa mdogo mno. Alisema, hakuna anayemkumbuka, mwambie Skonzi ampigie makofi. Hayo ndiyo yake. Na lile la kuuza nililoligeuza."

"Na kwamba nilikuwa nikilia tukifungwa?"

Akatazama pembeni. "Hilo hakulijua. Tukifungwa alikuwa anakwenda kugombana na mwamuzi. Aliyekuwa amekubeba ni mimi. Shati langu ndilo lililokuwa linalowa."

Ningeweza kusema rudi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilijua akirudi, mimi nitaingiza kichwa ndani ya tanuri na kusema fanya kama ulivyozoea, na yeye atafanya, kwa upendo wote, mpaka siku sitajua tena lipi nimelisema mimi. Hakuomba kurudi. Nadhani naye alijua.

"Mboga zinaendeleaje?" nikamuuliza.

"Zimekufa zote. Mvua nyingi."

Tulicheka, yeye upande ule, mimi upande huu. Kisha nikamwendea Komeo nikampigia makofi, peke yangu, katikati ya goli, na kiatu kimoja. Akageuka nyuma kuona ni nani.

"Kuna nini, Mwenyekiti?"

"Hakuna. Umecheza."

Jumatatu, 3 Juni

Nimewajibu watu wa rangi: siuzi. Wakauliza kama ni ile barua. Nikasema hapana, ni mimi. Sauti yangu ilikuwa ngeni kidogo masikioni.

Fomu za msimu ujao zimefika. Nimezitia sahihi zote mwenyewe. Sahihi yangu haina mkia, ni fupi na mbaya, Katibu anasema inafanana na nzi aliyepondwa.

Saa kumi jioni nilipita dukani nikanunua viatu vya mpira. Vya kijani, vinanibana kidogo kwenye kidole kidogo.